UZI: Vito vya fedha na lulu, bei yake inatoka wapi hasa? Tuchambue gramu kwa gramu

MizaniYaHaki (#1)

Wakuu, salaam. Kila wiki humu mtu anaweka picha na kuuliza "pete hii ya silva yenye lulu, bei hii ni halali?", na majibu huwa "inategemea", bila mtu kusema inategemea nini. Tuweke hesabu wazi.

Cha kwanza kushika ni hiki: kito chenye fedha na lulu kina bei mbili zisizofanana kabisa. Fedha inakwenda kwa mizani, na bei yake inatangazwa dunia nzima. Lulu inakwenda kwa jicho, haina bei ya kutangazwa popote. Juu ya hizo mbili unakaa ujira wa fundi. Muuzaji asiye mwaminifu huziviringisha zote tatu kuwa bei ya "kipande", na ukimwuliza uzito anakutajia wa kito kizima, lulu humo humo.

Tuanze na fedha. Bei yake hutajwa kwa dola kwa wakia ya masonara, ambayo ni gramu 31.1035. Usichanganye na wakia ya kupimia vyakula ya gramu 28.35. London hutangaza bei mara moja kwa siku, saa sita mchana kwa saa zao, yaani saa tisa alasiri huku kwetu, au saa nane wanapokuwa kwenye saa za kiangazi. Anayefanya biashara hii kwa umakini huitazama bei hiyo kabla ya kupanga yake.

Halafu kuna usafi. 999 ni fedha tupu, laini mno kwa pete. 925 ndiyo ya kawaida ya vito: sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu ya kuitia ugumu. 800 utaikuta kwenye vitu vya kale vya Ulaya, Ujerumani na Italia hasa. Njia ya mkato: chukua bei ya wakia kwa dola, zidisha kwa 0.0297, unapata bei ya gramu moja ya 925. Kwa 800 zidisha kwa 0.0257. Tuseme wakia ni dola 40. Gramu ya 925 ni dola 1.19. Pete ya gramu 4 ina fedha ya dola 4.76, bangili ya gramu 40 ina fedha ya dola 47.60.

Sasa tazama fedha ikipanda ghafla kutoka dola 40 hadi 50. Pete imeongezeka dola 1 na senti 20 hivi. Bangili imeongezeka dola 12. Anayekupandishia pete nyepesi kwa nusu ya bei akisingizia soko la dunia, hana hoja. Mwenye kidani cha gramu 120 anayo.

Na bei hii hupanda na kushuka kwa nguvu kuliko dhahabu. Januari 1980 ilifika karibu dola 50, ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamelimbikiza fedha nyingi mno, kisha ikaporomoka ndani ya miezi michache. Aprili 2011 ikakaribia tena pale pale. Machi 2020 ilikuwa chini ya dola 12, na Oktoba 2025 ikavuka 50. Sababu kubwa ni mbili. Zaidi ya nusu ya fedha inayotumika duniani inakwenda viwandani: paneli za sola, vifaa vya umeme, magari. Na sehemu kubwa ya fedha inayochimbwa hutoka kwenye migodi ya risasi, zinki, shaba na dhahabu, fedha ikiwa ni ziada tu. Bei ikipanda, mchimba zinki hawezi kuamka kesho akatoa fedha maradufu.

Wenye ujuzi wa ufundi na wa lulu, karibuni muendelee.

FundiKidani (#2)

Umeanza vizuri mkuu. Niongeze upande wa ujira, maana hapo ndipo wateja wengi wanapolia bila sababu, na wengine wanapopigwa bila kujua.

Ujira hauendi kwa gramu peke yake. Mkufu wa mashine unatoka kiwandani kwa mita, ujira wake ni mdogo sana kwa gramu. Pete ya kumimina kwenye kalibu inahitaji nta, plasta, kuyeyusha, kukata mguu wa kalibu (ule mfereji ambao fedha iliyoyeyuka huingilia), tupa, msasa na kung'arisha. Kwa pete ya gramu 4 fundi anayeyusha gramu 6 au 7, kwa kuwa mguu wa kalibu nao lazima ujae. Mguu unarudi kwenye chungu, lakini vumbi la tupa na la kung'arishia halirudi lote. Kazi ya nyuzi za fedha zilizosokotwa na kulehemiwa moja moja, ile ya kidani chenye maua ya waya, inaweza kuchukua siku kadhaa kwa kipande cha gramu 15. Hapo ujira kuzidi thamani ya fedha mara nne ni haki kabisa.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kukadiria: kitu kizito na cha wazi, kama bangili nene isiyo na nakshi, kikizidi mara mbili ya thamani ya fedha yake uliza kwa nini. Kitu kidogo, hereni za gramu 2 au 3, kuwa mara tano ya fedha yake si wizi. Mikono ya fundi inafanya kazi ile ile kwenye kitu kidogo, wakati mwingine zaidi.

Jingine ni lehemu. Lehemu ya fedha huchanganywa na shaba na zinki ili iyeyuke mapema kuliko kito chenyewe, kwa sababu 925 huanza kuyeyuka karibu nyuzi 800 za Selsiasi na kuwa maji kabisa karibu 900. Kito chenye viungo vingi kina lehemu nyingi, na lehemu ina fedha kidogo kuliko 925. Ukikipeleka kuyeyushwa kinaweza kutoa 910 au pungufu bila mtu kuwa amekuibia.

Na kuchovya kwenye rodiamu, metali inayotoa ule mng'ao mweupe kama kioo, nako ni gharama. Kunazuia fedha kusawijika, lakini kwenye pete kunalika upande wa kiganja ndani ya muda mfupi. Kwenye hereni kunadumu sana. Usilipie rodiamu kwenye pete ya kuvaa kila siku ukidhani ni ya kudumu.

JumaForodhani (#3)

Wakuu, chapa ya 925 ndani ya pete si ndiyo dhamana yenyewe? Kuna haja gani ya hesabu zote hizi?

FundiKidani (#4)

Hapana ndugu. Msumari wa kugongea 925 unauzwa kwa yeyote. Nchi zenye ofisi za serikali za kupima ni jambo jingine: Uingereza, kwa sheria ya 1973, kitu kinachouzwa kama fedha kikizidi gramu 7.78 lazima kipimwe na kugongwa na ofisi inayotambuliwa, na utaona alama ya ofisi, mfano nanga ya Birmingham au kichwa cha chui cha London. Hiyo ina uzito. 925 iliyo peke yake, bila alama ya fundi wala ya ofisi, ni neno la muuzaji lililogongwa kwa nyundo.

Na soma herufi vizuri. EPNS maana yake ni nikeli na shaba iliyochovywa fedha. ALPACA ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe. Kinachoitwa "fedha ya Ujerumani" au "fedha ya Tibet" ni hivyo hivyo. Vitu hivi si vibaya kwa pambo, ila bei yake haipaswi kukaa karibu na ya fedha, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi.

MizaniYaHaki (#5)

Kwa anayetaka kupima nyumbani bila kuharibu kitu, kipimo cha maji kinashinda sumaku. Sumaku inakutolea chuma tu. Shaba ya njano haivutwi na sumaku pia.

Unahitaji mizani ya kusoma hadi gramu 0.01, glasi ya maji na uzi mwembamba. Pima kito kikiwa kikavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga kito kwa uzi, kizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni, huku umeshika uzi kwa mkono. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Mfano gramu 31.05 kikavu, mizani ikasoma 3.00: jibu ni 10.35, hiyo ni 925. Fedha tupu ni 10.49. 800 huangukia 10.1 hadi 10.2. Shaba ya njano na alpaca ziko kwenye 8.4 hadi 8.8.

Kinachoharibu kipimo ni mapovu ya hewa kwenye nakshi. Yanafanya jibu lishuke, ukakataa fedha halali. Tone la sabuni kwenye maji na kukitikisa kito kidogo linaondoa tatizo. Kwa kitu cha gramu 2 usitegemee jibu la uhakika, kosa la 0.02 tu linakupeleka mbali. Bangili yenye uwazi ndani haifai kabisa. Na kito chenye lulu usikipime hivi: jibu litashuka kwa sababu ya lulu yenyewe, na lulu iliyogundishwa au kutungwa kwa hariri haipendi kulowekwa.

Shangingi_wa_Kisauni (#6)

Siku hizi kuna ile bunduki ya eksirei, unailenga na inakusomea asilimia. Hiyo si inamaliza ubishi wote?

MizaniYaHaki (#7)

Inasoma ngozi tu mkuu, tabaka jembamba sana la juu. Shaba iliyochovywa fedha nene itasoma vizuri. Hata fedha ya kweli ya zamani inaweza kusoma juu kuliko ilivyo, kwa sababu kila ilipopashwa moto na kutiwa kwenye tindikali ya kusafishia, shaba ya juu ililiwa na fedha ikabaki. Mwambie mpimaji akwaruze kidogo mahali pasipoonekana kisha alenge hapo. Sharti hilo hilo ni la maji ya tindikali ya masonara: mkwaruzo wa tupa kwanza, tone baadaye. Wekundu wa damu ni fedha ya juu. Kadiri shaba inavyozidi, wekundu unaelekea kahawia, kisha kijani.

BintiMutrah (#8)

Assalaam aleikum. Nipo Maskati, niwaongezee kuhusu fedha ya kale, maana mapambo mengi ya Oman, Zanzibar, Lamu na Mombasa ya enzi za mabibi zetu hayana chapa yoyote, na watu wanayauza kwa bei ya vyuma chakavu.

Mafundi wa zamani waliyeyusha sarafu, kwa hiyo usafi wa kito unafuata sarafu. Riale ya Maria Teresa, yote imeandikwa mwaka 1780 hata kama iligongwa miaka mia baadaye, ina gramu 28.07 na usafi wa 833, yaani fedha tupu karibu gramu 23.4. Rupia ya India, na ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, ina gramu 11.66, ambayo ndiyo tola moja, na usafi wa 917. Mapambo yaliyotokana na rupia ni bora kuliko ya riale. Ila shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ina fedha robo tu, 250 kwa 1,000. Ukiona mkufu ulioning'inizwa shilingi za King George usizihesabu kama rupia.

Kwenye vitu hivi fedha ni sehemu ndogo ya bei. Jambia la Oman, bangili za Nizwa, kidani chenye riale zilizoning'inizwa vyote vinanunuliwa na wakusanyaji kwa umri, mji uliotoka, ukamilifu wa jozi na kazi ya mkono. Bangili moja iliyopoteza mwenzake inapoteza zaidi ya nusu ya thamani ya jozi. Kung'arishwa kupita kiasi, weusi wa kwenye nakshi ukaondoka, kunashusha bei. Lehemu ya risasi iliyowekwa na fundi wa mtaani kuziba ufa inashusha zaidi, kwani risasi ikipashwa moto pamoja na fedha inaila. Mtu akirithi kitu kama hiki asikipeleke kung'arishwa kabla ya kukionyesha kwa anayejua.

Jihadharini na bangili nene zenye nta au lami ndani. Ganda la fedha linakuwa jembamba, ndani wamejaza ili zisibonyee. Gonga kwa kucha: inalia butu badala ya kulia wazi. Tafuta tundu dogo lililozibwa. Hizi haziuzwi kwa gramu.

ChazaWaBweleo (#9)

Nichukue upande wa lulu sasa, na nitakuwa mrefu kwa kuwa ndiyo yenye giza zaidi.

Lulu ni chokaa, kalsiamu kaboneti, iliyopangwa kwa tabaka jembamba sana na kuunganishwa na protini. Unachonunua ni zile tabaka. Zikiwa nyingi, nyembamba na zimepangika, mwanga unarudi ukiwa mkali na unaona sura ya dirisha juu ya lulu. Huo ndio mng'ao, na kwangu mimi ndio namba moja, mbele ya ukubwa. Lulu ya milimita 7 inayoonyesha kingo za dirisha waziwazi ni bora kuliko ya 9 iliyofifia kama chaki. Ukiingia dukani sogea mbali na taa za mezani, zile nyeupe kali. Zinaipa hata lulu mfu mng'ao. Nenda mlangoni kwenye mwanga wa mchana.

Baada ya mng'ao kuna uso, ukubwa, umbo, rangi, unene wa tabaka na mfanano wa lulu zikiwa jozi au mkufu. Mfanano ndio gharama iliyofichika. Mkufu wa sentimita 45 wa lulu za milimita 7, ukiwa na fundo kati ya lulu na lulu, unachukua lulu 55 hivi. Kuzipata 55 zenye rangi na mng'ao mmoja maana yake ni kuchambua maelfu. Kwa hiyo mkufu wenye mfanano mzuri una bei kubwa kuliko jumla ya lulu zake moja moja, na jozi ya hereni ina bei kubwa kuliko lulu mbili za pete.

Ukubwa haupandi kwa mstari ulionyooka. Wafanyabiashara wa zamani wa Ghuba walihesabu kwa mraba wa uzito: lulu ikiwa na uzito mara mbili wa nyingine, kwa ubora ule ule, bei ni mara nne. Siku hizi kila aina ina ngazi yake inapoanza kupaa. Lulu za akoya, chaza mdogo wa Japani, kwa kawaida ni milimita 2 hadi 9, kwa hiyo akoya ya 9 ni ghali sana. Lulu ya bahari ya kusini, ya chaza mkubwa wa Australia, Indonesia na Ufilipino, milimita 9 ndiyo kwanza inaanza. Nyeusi ya Tahiti inakaa kati ya 8 na 14. Kuuliza tu "lulu ya milimita 9 ni bei gani" hakuna jibu mpaka useme ya chaza gani.

Nyingi zilizoko kwenye masoko yetu ni za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kutoka China, eneo la Zhuji ndilo soko lake kuu. Kombe mmoja wa mtoni hubeba lulu 20, 30 au zaidi kwa mpigo, wakati akoya hubeba moja au mbili. Hapo ndipo tofauti ya bei ilipo. Lulu hizi si bandia. Kwa kawaida hazina kiini cha ushanga, ni tabaka tupu hadi ndani, kwa hiyo zinavumilia kuvaliwa. Kinachozipunguzia ni umbo, chache hutoka duara kamili. Akoya ana kiini cha ushanga uliochongwa kutoka ganda la kombe, na tabaka la juu laweza kuwa sehemu ndogo tu ya milimita. Akivunwa mapema tabaka ni jembamba, linalika kwenye tundu, na kiini kinaonekana ukizungusha lulu kwenye mwanga: inapepesa kivuli kisha nuru.

Na ugonjwa baharini unapandisha bei ya dukani. Mwaka 2019 chaza wachanga wa akoya walikufa kwa wingi huko Ehime, Japani, na uhaba wake ukaja kuonekana sokoni baadaye, kwa kuwa chaza hakui kwa msimu mmoja.

Mwanahawa_LM (#10)

Kaka Chaza, hizi nusu lulu zinazofugwa na kina mama wa Fumba, Unguja, zinaingia wapi kwenye bei?

ChazaWaBweleo (#11)

Swali zuri dada. Nusu lulu hailelewi ndani ya mwili wa chaza. Kiini cha nusu duara, mara nyingi cha plastiki, kinagundishwa upande wa ndani wa ganda, chaza anarudishwa baharini, na kwa miezi tisa hadi mwaka anakifunika kwa tabaka zake. Kisha ganda linakatwa, kiini kinatolewa, uwazi unajazwa gundi ngumu na nyuma unafungwa kwa kipande cha ganda. Kwa sababu hiyo bei yake iko chini ya lulu kamili, na haiwezi kutungwa mkufu. Ni ya pete, kidani na hereni.

Ndani ya aina hii tofauti ya bei ni kubwa. Chaza wa midomo myeusi ana rangi ya kijani, buluu na kijivu ukingoni mwa ganda, na katikati ni weupe wa fedha. Mahali kiini kilipogundishwa ndipo rangi inapoamuliwa. Tazama kuba: likiwa juu na kitako chake cha duara safi ni bora kuliko lililolala. Tazama kwa upande dhidi ya jua. Ukiona uwazi wa maziwa, tabaka ni jembamba. Geuza nyuma: mstari wa gundi uwe mwembamba na usio na nafasi. Kasoro ya kawaida ni kuachana na kitako baada ya kuingia maji ya moto. Kingine, chaza asiposafishwa uchafu na viumbe vinavyomng'ang'ania kwenye ganda, anakua pole pole, na tabaka linatoka dhaifu. Kazi hiyo ya kusugua mara kwa mara ndiyo unayoilipia, na ni kazi ngumu.

JumaForodhani (#12)

Na yule anayekwambia "hii ni lulu ya asili, imetoka baharini mwenyewe kapiga mbizi", dola 30?

ChazaWaBweleo (#13)

Hakuna. Lulu ya asili kabisa, ambayo hakuna mkono wa mtu uliomchokoza chaza, ni adimu na inahitaji eksirei ya maabara kuithibitisha, kwa kuangalia muundo wa ndani. Gharama ya cheti peke yake inaikaribia au kuizidi bei hiyo. Kabla ya lulu za kufugwa kuenea, lulu zilikuwa za wafalme: mwaka 1917 masonara wa Cartier walipata jumba lao la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili uliothaminiwa dola milioni moja. Ufugaji wa Wajapani ulipotua sokoni, uchumi wa wapiga mbizi wa Ghuba ukaanguka. Bahrain hadi leo inakataza biashara ya lulu za kufugwa ili kulinda jina la lulu zao. Mwaka 2018 kidani cha lulu cha Marie Antoinette, malkia wa zamani wa Ufaransa, kiliuzwa Geneva kwa dola milioni 36, lakini hapo watu walinunua historia pamoja na lulu.

Na zile herufi AAA ambazo maduka huandika kutaja daraja la lulu: hakuna chombo cha kimataifa kinachozisimamia. AAA ya duka hili ni A ya duka la pili. Usilipie herufi.

BintiMutrah (#14)

Kupima bandia na ya kweli, waambie na hilo.

ChazaWaBweleo (#15)

Sugua lulu mbili moja kwa nyingine taratibu: za kweli zinakwaruzana kama mchanga laini, bandia inateleza. Hilo linazitenga na plastiki na kioo, halikwambii ubora. Kipimo chenye maneno mengi ni tundu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, tazama ukingo wa tundu. Bandia ina rangi iliyopakwa, inabanduka kama rangi ya ukutani na kukunjamana ukingoni. Ya kiini inaonyesha mstari kati ya tabaka na ushanga. Iliyotiwa rangi, rangi imejikusanya tunduni na kwenye vijishimo. Nyeusi nyingi za bei ndogo ni za maji baridi zilizotiwa rangi, nyingine kwa chumvi ya fedha yenyewe, na bei yake haipaswi hata kukaribia ya Tahiti. Muuzaji mwaminifu atakwambia.

Mkufu ambao lulu zote zimelingana bila doa hata moja, kwa bei ya chakula cha mchana, ni ushanga. Na kile kinachouzwa kwa jina la "lulu ya ganda" ni ushanga wa ganda uliopakwa rangi. Ni pambo zuri, si lulu.

MkaguziNairobi (#16)

Kidogo kuhusu gharama za kuingiza. Fedha na lulu zinanunuliwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikidhoofika asilimia 10, bei ya dukani inapanda hata kama London hakuna kilichotikisika. Halafu kuna ushuru wa forodha, usafiri wenye bima, na VAT, asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara na Uganda. VAT ya mzigo unaoingia inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, si thamani peke yake. Mzigo mdogo unaumia zaidi kwa usafiri: hereni 20 na hereni 500 zinalipa karatasi zile zile. Kwa hiyo mwenye duka dogo kuuza juu kidogo ya duka kubwa si lazima awe mlafi.

Shangingi_wa_Kisauni (#17)

Kuhusu kutunza ili thamani isishuke: fedha ikiwa nyeusi weka karatasi ya foili kwenye bakuli, magadi soda na maji ya moto, tumbukiza kito. Dakika tano inarudi mpya.

FundiKidani (#18)

Kwa kito cha fedha kisicho na lulu ni sawa, weusi ni salfaidi ya fedha na njia hiyo inaurudisha kuwa fedha bila kuikwangua. Kwa kito chenye lulu, usithubutu. Maji ya moto na magadi yanaua protini ya lulu na kulegeza gundi. Zile dawa za kuchovya fedha ni mbaya zaidi, zina tindikali, na tindikali inayeyusha chokaa. Ndimu na siki vile vile. Lulu ikishapoteza ngozi haing'arishwi ikarudi. Dawa ya meno na majivu vinaikwaruza, kwa kuwa lulu ni laini kuliko vumbi la kawaida la mchanga.

Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, futa lulu baada ya kuvaa, kausha. Fedha iliyo kando futa kwa kitambaa cha kung'arishia bila kugusa lulu. Marashi, udi, mafuta ya nywele kwanza, kito mwisho. Mkufu wa lulu unaovaliwa sana utungwe upya kwa hariri kila mwaka au miwili, fundo kati ya kila lulu, ili uzi ukikatika idondoke moja.

Hili ndilo linaloeleza bei ya ufundi pia. Pete ya lulu inamaliza moto wote, tindikali, rodiamu na mng'arisho, ndipo lulu inaingia mwisho: tundu nusu, kijiti kilichokwaruzwa ili gundi ishike, kikombe kinachoendana na duara la lulu, gundi ya sehemu mbili, saa 24 za kukauka. Kijiti kikiwa laini au kifupi, lulu itang'oka. Ukitaka kupanua pete yenye lulu, fundi lazima aitoe kwanza. Anayekwambia ataipasha moto "kwa mbali" na lulu ikiwa juu yake, ondoka na pete yako.

Mwanahawa_LM (#19)

Nipeni mfano mmoja wa kujumlisha yote. Hereni za 925 zenye lulu mbili za maji baridi, milimita 8, mizani inasoma gramu 3.2 jozi. Naanzia wapi kupatana?

MizaniYaHaki (#20)

Toa lulu kwanza. Lulu ya duara ya milimita 8 ina gramu 0.7 hivi, ya 6 ina 0.3, ya 10 ina 1.4. Mbili za 8 ni gramu 1.4. Inabaki fedha gramu 1.8. Kwa wakia ya dola 40 ni dola 2.14. Fedha yote ya hereni hizo ni pesa ya soda chache, kwa hiyo usipoteze muda kubishania gramu wala soko la dunia. Akikuhesabia gramu 3.2 kwa bei ya fedha halafu akaongeza na lulu juu yake, amekuuzia lulu mara mbili.

Anza na lulu. Zipeleke mlangoni, ziweke sambamba: mng'ao sawa? Rangi moja? Kipenyo kinatofautiana zaidi ya robo milimita? Zizungushe utafute doa, na uone kama doa limefichwa upande wa kijiti, ambako halina madhara na ni sababu ya kupunguziwa. Zikipita hapo, jaribu kuzungusha lulu juu ya kijiti kwa vidole. Ikicheza, gundi imeachia. Mwisho ndipo uangalie chapa na kama kifungio cha nyuma nacho ni 925, maana wengi hubana hapo wakaweka shaba.

ChazaWaBweleo (#21)

Na akitaka kuziuza baadaye, ajue mapema: sonara anayenunua kwa kuyeyusha atang'oa lulu, atapima gramu 1.8, atakata gharama ya kusafisha, na lulu atamrudishia mkononi. Ukitaka lulu zilipiwe, mtafute anayeuza lulu, umpelekee zikiwa na risiti inayotaja aina ya chaza, milimita, na kama zimetiwa rangi au la. Risiti iliyoandikwa "hereni silva 1" haimsaidii mtu, kwa hiyo muuzaji aandike hayo matatu kabla hujatoa pesa.